Mjane wa Mgomba Apelekwa Kuonwa Kaburini

Wiki jana mliniacha uani kwa Mjomba Gurunath, nimevaa sari ya bibi harusi, namtazama mume wangu akikatwa vipande kwa panga.

Mume mwenyewe alikuwa mgomba. Kwa waliokosa gazeti lile, mimi ni Nagaveni wa hapa hapa Vijayapura, mchambuaji wa zabibu ghalani, na nimeshavuka thelathini bila kuolewa. Familia ya kwanza iliyokuja kuniona ilisema rangi yangu imekolea mno. Ya pili ilinisifu, ikala ikashiba, kisha ikauliza kama mdogo wangu Renuka naye anaozwa. Ya tatu ilipeleka nyota zangu kwa kuhani, na kuhani akasema sayari ya Mirihi imenikalia vibaya, atakayenioa wa kwanza atakufa. Ndipo nikaozwa kwa mgomba, mgomba ukakatwa ili ufe na mkosi wangu. Familia ile haikurudi hata hivyo.

Basi nikawa mjane wa mgomba. Watoto wa jirani walikuwa wananipitia mlangoni na ndizi mkononi, wananipa pole ya msiba.

Niseme wazi kabla sijaenda mbali: kuonwa kunanitia kinyaa. Mimi nachambua zabibu kila siku, najua kukagua. Mkono unapita, jicho linapita, hii nzima, hii imeoza, hii weka kando. Lakini zabibu haiambiwi itembee mpaka dirishani ionekane kama inachechemea. Mama wa yule mvulana wa pili alinivuta nywele ajue kama ni zangu, halafu akajifuta vidole kwa leso. Kile kitendo cha kujifuta vidole bado ninacho rohoni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mjomba Gurunath, kaka yake mama, ndiye anayetusimamia tangu baba afariki. Siku hiyo aliingia na uso umemwagika furaha, hata viatu akasahau kuvua.

"Imepatikana," alisema. "Familia ya Pune. Mvulana anaitwa Shripad, ana kazi ya ofisini, nyumba yao wenyewe, baba hayupo, mama yupo. Basi."

"Wanataka nini?" mama aliuliza. Mama siku hizi haulizi kwanza mvulana yukoje.

"Hawataki kitu. Wanataka msichana mwenye adabu."

"Na umri wanaujua?"

"Wanaujua."

"Na mgomba?"

Mjomba akakohoa. "Mgomba hatujafika huko."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo napepeta mchele. Hakuna aliyenitazama. Nikasema, "Mtu ana kazi, ana nyumba, hataki kitu, halafu anakuja kunitafuta mimi huku. Hamjiulizi?"

"Mchagua nazi hupata koroma," mama alinijibu. "Na wewe koroma zimekwisha mtini, Naga."

Renuka alikuwa mlangoni anasuka nywele. Aliacha kusuka. Niliona anavyonitazama, na hapo nikarudi kupepeta mchele.

Maana jambo lenyewe ni hili. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa. Renuka ana mtu wake, Vinayak, mtoto wa wale wenye duka la vitambaa, na wazazi wa Vinayak walishakubali. Ila walisema watasubiri mpaka sikukuu ya Dasara. Dasara ikipita na mimi nimekaa hapo hapo, watamtafutia mtoto wao mke mwingine. Kwa hiyo kila aliponikataa mtu, tulikataliwa wawili, na aliyekuwa analia jikoni si mimi.

"Waje," nikasema.

"Hawaji hapa," mjomba alisema. "Tumekubaliana tukutane mahali. Kwa bahati."

Kukutana kwa bahati ndivyo tunavyofanya watu tuliokwisha kukataliwa mara nyingi. Familia mbili zinapanga wiki nzima, halafu zinakutana mahali zikishangaa. Posa ikivunjika, hakuna posa iliyokuwepo. Mama Kasturi wa nyumba ya mbele, anayehesabu wageni wetu kwa sauti, hapati la kuhesabu.

"Hekaluni," mama alisema.

"Hekaluni kila mtu anatujua," mjomba akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu, na laiti ningeufunga.

"Twende Gol Gumbaz."

Mama alinitazama kama nimetukana. "Kaburini? Unataka kwenda kuposwa kaburini? Kuna sultani amelala pale chini na wake zake, na wewe na Mirihi yako unataka kwenda kumwamkia?"

"Watu wanatoka nchi nyingine kuja kulitazama, mama. Wakituona pale hawatauliza kitu."

"Na magoti yangu?"

"Wewe utakaa kwenye majani, ulinde chakula."

Sikuwaambia sababu yenyewe. Ninyi nawaambia. Mtoto yeyote wa Vijayapura anajua kwamba juu kabisa ndani ya lile kuba kuna ujia unaozunguka ukuta, na ukinong'ona upande mmoja ukiwa umeukaribia ukuta, aliye upande wa pili anakusikia kama umemkalia begani. Tulipelekwa na shule, tukatukanana pale mpaka mwalimu akatushusha.

Mimi nilikuwa nimechoka na watu wanaonichekea mbele ya sahani, wakifika barabarani wanasema yao. Nilitaka safari hii nisikie yale ya barabarani. Wakae upande wao, wanong'one, mimi niwe upande wangu na sikio ukutani. Kama wananicheka, nijue mapema, nishuke na heshima yangu. Nilidhani nina akili.

Mjomba akapiga simu Pune. Mama Shripad, yaani mama wa mvulana, alikubali pale pale. Sauti yake ilitoka kwenye simu tukaisikia wote.

"Gol Gumbaz, vizuri sana. Ila twende asubuhi mapema, kabla ya watoto wa shule. Kule juu kunapendeza kukiwa kimya."

"Mwanamke ana busara huyu," mjomba alisema.

Na mimi nikasema moyoni, asante, umejifunga kamba mwenyewe.

Maandalizi yalikula siku zetu zote. Jumanne ilikataliwa, kwa sababu Jumanne ni siku ya Mirihi na mama hakutaka kuikumbusha. Jumapili ilikataliwa kwa ajili ya umati. Ikabaki Alhamisi. Mama alikaanga bilinganya za kujaza, akasaga karanga za chatini, akachoma mikate ya mtama mpaka mikono ikavimba, chakula cha watu wanaokwenda kutembea tu asubuhi na kukutana na wenzao kwa bahati.

Mjomba alikuwa anafanya mazoezi ya kushangaa. Alisimama mbele ya kioo cha kabati.

"Eee, ninyi hapa? Dunia ndogo hii." Akageuka. "Inatosha?"

"Umeinua mikono mno," mama alisema. "Kama umeibiwa."

Renuka ndiye aliyetutia shida. Mama alitaka abaki nyumbani, maana ni mzuri na tulishaungua kwa uzuri wake. Lakini magoti ya mama hayapandi ngazi, na mimi siwezi kupanda na mvulana bila mwanamke wa kwetu. Ikaamuliwa aende, ila aharibiwe kidogo. Wakampaka mafuta ya nazi kichwa kizima mpaka yakamchuruzika shingoni, wakamvisha sari ya marehemu bibi, ya rangi ya matope.

"Nanuka kama chakula," Renuka alisema.

"Vumilia. Kwa ajili yako hii."

"Kwa ajili yangu au ya dada?"

Mama akamwongezea mafuta.

Mimi nilipewa sari ya rangi ya papai, eti inang'arisha. Nikapewa na masharti. Nisicheke na meno. Nisiseme nafanya kazi ghalani, niseme naangalia mambo ya matunda. Nisitaje mgomba wala ndizi wala jani. Na sharti la mwisho mama alinishika kidevu alipolisema.

"Mama wa mvulana akitoa peda akakulisha kwa mkono wake, usijishaue. Meza. Ukimeza, yamekwisha."

Kwetu ndivyo. Peda ni kitamu cha maziwa, cha kawaida kabisa, kila duka kipo. Lakini kikitoka mkononi kwa mama wa mvulana kikashuka kooni kwako, umeposwa, na wazee wote ni mashahidi.

Alhamisi tukafika mapema, majani bado yana umande. Mjomba alikuwa na kiherehere hata hakungoja. Aliona familia inakuja kutoka langoni, mwanamke mnene, kijana mwenye miwani, akainua mikono.

"Eee, ninyi hapa? Dunia ndogo hii."

Wale watu walisimama. Walikuwa watu wa Hubli, hawatujui, hatuwajui. Lakini kwa adabu wakaitikia, wakauliza hali ya watoto, mjomba akasema hawajambo, wakauliza yule mkubwa kashapona, mjomba akasema kashapona. Wakaenda zao. Renuka alicheka mpaka mafuta yakamwingia machoni.

Mama Shripad na mwanawe walipotokea kweli, mjomba alikuwa kashaishiwa mshangao. Alisema tu, "Karibuni."

Mama Shripad ni mwanamke mwembamba, msafi, sari imenyooka hata baada ya treni. Alikuwa na mkoba mweusi wa ngozi ambao hakuuweka chini hata kidogo, hata mama alipomtandikia mkeka. Shripad alikuwa na uso wa kawaida, shati lake limechomekwa vizuri, macho kwenye nyasi. Alinisalimu bila kunitazama. Nikasema angalau huyu hajanivuta nywele.

"Tupande kabla jua halijakaza," mama Shripad alisema mwenyewe. "Vijana wazungumze. Mimi nitamsindikiza wangu, na wa kwenu asindikizwe na huyu mdogo wake."

Ngazi za pale ni nyembamba, zinapinda gizani ndani ya mnara, na zimelika katikati kwa nyayo za watu. Nilikuwa nyuma yao. Nilimsikia mama Shripad anahema, lakini hapumziki. Tulipotokea juu ndani ya kuba, kulikuwa kimya, njiwa tu. Shimo lote la jengo liko chini yako, na ukikohoa kuba linakohoa nawe mpaka unaona haya.

"Ninyi kaeni huku," mama Shripad alisema. "Sisi tutakwenda ule upande. Waonane kwa mbali, si vibaya."

Nilitaka kumbusu. Kazi yote niliyoipanga alinifanyia yeye.

Wakazunguka, wakawa wadogo kule ng'ambo. Renuka alikaa hatua chache kutoka kwangu, akaegemea ukuta, akafungua karanga zake. Mimi nikajifanya nimechoka na ngazi. Nikalaza kichwa, sikio likagusa jiwe baridi.

Kwanza nilisikia bangili zinagonga. Kisha sauti yake, karibu, mpaka nikashtuka.

"Mwanangu, huyu binti nimempenda. Ana macho ya upole. Na ile rangi yake ndiyo rangi ya watu wa kazi, haichuji. Habari za mgomba nimezisikia tangu Pune, na mimi sijali. Wangapi wameolewa na migomba na leo wana wajukuu. Nitamweka kama yai."

Jamani, machozi yalinitoka. Nilijiona mbaya, mwenye roho chafu, nimekuja kumtega mwanamke mwenye moyo kama huo. Hakuna mtu aliyewahi kunisema vizuri nisipokuwepo. Nilikaa pale nalia taratibu, na niliapa nikishuka nitamgusa miguu kwa heshima, na peda yake nitameza hata kabla hajafungua boksi.

Nikamwona anainuka. Alielekeza kidole nje, kwenye kibaraza kinachozunguka kuba, kwamba anakwenda kupunga upepo. Shripad akabaki peke yake.

Bangili zilikuwa zimeondoka. Ukuta ukasema jina langu.

"Nagaveni."

Nikainua kichwa.

"Usinitazame. Tazama chini. Rudisha sikio."

Nikarudisha.

"Mama anaujua huu ukuta tangu alipokuwa shule. Yale yote aliyasema uyasikie wewe. Kwenye treni alikuwa anakuita makapi ya ghala. Alisema bora makapi, hayana pa kwenda, hayataniuliza maswali."

Machozi yangu yalikuwa bado ya moto mashavuni. Nilijifuta kwa haraka, kwa kinyaa, kama mtu aliyekanyaga kitu. Yalikuwa machozi yangu na nilitaka kuyakana.

"Maswali gani?" nikanong'ona.

"Nina mke."

Pembeni yangu Renuka aliacha kutafuna karanga. Nilidhani zimekwisha.

"Yuko Pune," Shripad aliendelea, maneno yanakimbizana. "Tulifunga ndoa serikalini mwaka juzi. Si wa tabaka letu. Mama anasema ile ni karatasi tu, hamtambui, nyumbani hajakanyaga. Anataka mke wa kuonyesha watu. Akae naye, apike, amkande miguu."

"Na wewe ungekuwa wapi?"

"Mimi ningekuwa nakuja sikukuu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

"Mkeo anajua uko hapa?"

"Anajua niko safari ya kazi."

"Basi kataa. Una mdomo. Mwambie mama yako hapana."

"Siwezi. Kanunua dawa ya panya. Anayo kwenye ule mkoba, kanionyesha. Nikikataa mimi ataila mbele ya watu." Nilimsikia akisogea karibu zaidi na ukuta. "Ukikataa wewe hakuna atakayekufa. Atanung'unika tu, tutarudi. Nakuomba, dada. Wewe umezoea."

"Nimezoea nini?"

"Hizi posa kuvunjika."

Nilishavutwa nywele. Nilishaitwa mweusi, mzee, mwenye mkosi, nimeolewa na mmea na mmea ukachinjwa. Hakuna kilichonichukiza kama lile neno dogo lililotoka ukutani kwa sauti ya adabu. Yule mama ni nyoka, lakini nyoka anajulikana. Huyu alikuwa amenichagua anitwike mzigo wake, na ananiita dada.

"Unataka mimi niwe mwanamume kwa niaba yako," nikamwambia.

Kule ng'ambo nilimwona amejikunja, magoti kifuani, mtu mzima na shati limechomekwa.

Halafu watoto wa shule wakaingia. Darasa zima lilimwagika kutoka ngazini, wakapiga kelele zote walizokuja nazo, na kuba likawarudishia moja moja. Nikaziba masikio. Mama Shripad alitokea kutoka kibarazani, akanipungia mkono kwa upole kupitia vichwa vya watoto, na tabasamu lake lilikuwa pale pale alipoliacha.

Nilimshika Renuka mkono tukateremka. Nilikuwa nimeshakata shauri. Nitamwambia mjomba wazi, mbele ya mkeka, kwamba huyu ana mke. Acha vurugu iwe. Acha mama Kasturi ahesabu. Mtu akiwa amechafuka mpaka shingoni haogopi matone.

Katikati ya ngazi, pale gizani kabisa, Renuka alisimama. Alikuwa mbele yangu, nikaona mgongo wake tu.

"Dada."

"Shuka, watu wanakuja nyuma."

"Mimi nilikuwa nakula karanga."

"Najua."

"Sijasikia kitu." Akashika ukuta. "Na wewe hujasikia kitu."

Sikumwelewa upesi. Kisha nikakumbuka alivyokuwa ameegemea ukuta ule ule, na alivyoacha kutafuna.

"Renuka, ana mke."

"Kila mwanamume ana lake. Huyu angalau hatakusumbua, si kasema anakuja sikukuu?" Aliyasema kwa haraka, bila kugeuka. "Utakuwa na nyumba. Utakuwa Pune. Hutachambua zabibu tena. Utazoea, dada."

"Utazoea?"

"Vinayak hatanisubiri. Unajua hatanisubiri. Ukikataa leo hakuna mwingine kabla ya Dasara, na mimi nitakuwa nimekufa kwa ajili yako, na hutajua hata uniombe radhi vipi."

Huyu mtoto nilimbeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Nilimtafunia mikate ya mtama ilipokuwa migumu kwake, nikamlisha kwa vidole. Sasa ananuka mafuta ya nazi mbele yangu gizani na ananiuza kwa maneno ya yule mwoga wa juu. Kinyaa nilichokisikia hapo sikujua nikielekeze wapi. Kwake sikuweza, na ndilo lililoniumiza. Nyuma yetu bangili zilikuwa zinateremka.

"Shuka," nikasema.

Chini jua lilikuwa limetanda kwenye majani. Mama alikuwa ametandaza kila kitu, bilinganya, chatini, mikate ya mtama imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa anacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona mama anacheka na mdomo wazi. Aliponiona alishika ncha ya sari yake akajipangusa macho.

"Njoo, Naga, njoo ukae. Mjomba wako kashamaliza mambo yote."

"Nilishawaambia kwa simu mpaka habari ya mgomba," mjomba alisema kwa fahari. "Na mama Shripad kabla hajapanda alishaniambia, kama binti anaridhia wao hawana neno. Watu wa namna hii hawapatikani."

"Kuna jambo," nikasema.

"Jambo gani?" mama akauliza, na kicheko kikaanza kumtoka usoni, taratibu, kama alikuwa anakingoja kiondoke.

Renuka alipiga magoti akaanza kugawa sahani. Aliziweka kwa haraka mpaka zikagongana. Hakuniangalia.

Mama Shripad na mwanawe wakafika. Shripad akasimama nyuma ya mama yake na kunitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, macho yote yananiomba.

"Mwacheni apumue," mama Shripad alisema. "Ngazi zile si mchezo. Mimi na binti yangu tumeshaelewana huko juu, sivyo, Nagaveni? Wewe unajua ninavyokuthamini." Akakaa karibu yangu kabisa, goti lake likagusa langu. "Umenisikia, nina hakika."

Mama akamtazama, akanitazama, hakuelewa, akaamua kufurahi.

Mama Shripad akauweka ule mkoba mweusi mapajani. Akaufungua zipu. Mkono wake ukaingia, ukatafuta, ukasukuma kitu kando, na nikamwona Shripad anaufuata ule mkono kwa macho huku midomo imemkauka. Ulitoka na boksi dogo la peda. Akachagua moja, akaivunja kipande, akakileta mbele ya uso wangu. Kilikuwa na harufu ya maziwa na ya ndani ya mkoba.

"Haya, mwanangu," alisema. "Fungua mdomo."

Mama alikuwa amekunja mikono kifuani, anaomba. Renuka hatimaye akaniinulia macho. Mjomba alikuwa tayari na mikono yake hewani, safari hii ashangae kwa wakati.

Nikafungua mdomo.